Hesabu ya Tajiri na Kombe la Dunia: Kisa cha Teksi za Johannesburg Kikisomwa kutoka Kigoma

Siku timu ya Mashujaa inapoikaribisha Simba au Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika, mtu anayetoka Ujiji kwenda Kibirizi hujua tangu asubuhi kwamba usafiri utamsumbua. Magari hayapungui siku hiyo. Yanaonekana yamejipanga pale Mwanga, milango ikiwa wazi na wapiga debe wakigonga mabati, lakini njia yake yameiacha. Mara ya mwisho jambo hili liliponikuta nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva. Konda alikuwa kijana mpole, noti za elfu moja amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, akipokea nauli bila kugombana na mtu. Tulipofika Mwanga gari likasimama, na yule kijana akasema kwamba mwisho wa safari ni hapo. Mama mmoja aliyebeba ndoo mbili tupu, moja ndani ya nyingine, akamwambia, "Mwanangu, mimi nafuata dagaa Kibirizi na nimekulipa mpaka Kibirizi." Konda akamrudishia sehemu ya nauli, akainamisha kichwa na kusema, "Nisamehe mama, leo tajiri kapandisha hesabu," yaani mwenye gari ameongeza kiasi anachotaka apelekewe jioni.

Sentensi hiyo fupi inaeleza zaidi ya hotuba nyingi nilizowahi kusikia kuhusu utovu wa nidhamu wa daladala, na ndiyo iliyonirudisha kwenye kisa cha Afrika Kusini na Kombe la Dunia la mwaka 2010. Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa tarehe 27 Septemba 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Agosti 2025 tulijionjea kidogo uzito wa kazi hiyo, nchi hizo tatu zilipoandaa fainali za wachezaji wa ligi za ndani na mechi ya ufunguzi ikachezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Maswali ambayo Johannesburg iliulizwa kabla ya 2010 sasa yameanza kuulizwa hapa kwetu, na nina hofu kwamba yatajibiwa kwa namna ile iliyozoeleka, yaani operesheni ya trafiki ya wiki mbili, faini, na magari kukamatwa, halafu wageni wakiondoka kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Msomaji asiyeijua Afrika Kusini anapaswa kwanza kufahamu kwamba neno teksi huko humaanisha gari dogo la abiria, ndugu wa Hiace zetu, linalobeba watu kumi na watano au zaidi kidogo. Abiria husimama pembeni ya barabara na kuashiria kwa mkono anakokwenda. Jijini Johannesburg kidole cha shahada kikielekezwa juu huwa na maana ya katikati ya mji. Humo ndani mara nyingi hakuna konda. Nauli hupitishwa kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele, mkono kwa mkono, na abiria aliyekaa karibu na dereva ndiye huhesabu na kurudisha chenji nyuma kwa njia ileile. Ni utaratibu wa heshima na uaminifu mkubwa baina ya watu wasiofahamiana, na inasikitisha kwamba sekta yenye utaratibu huo ndani ya gari imejulikana duniani kwa bunduki zilizolia nje ya gari.

Asili ya bunduki hizo ni historia. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, Waafrika walihamishiwa maeneo ya mbali na mahali pa kazi, Soweto ikiwa mfano unaojulikana kuliko yote, na vibali vya kusafirisha abiria viliwekwa mikononi mwa reli na kampuni za mabasi zilizopata ruzuku ya serikali. Mwafrika mwenye gari aliachiwa upenyo mwembamba: sheria ya usafirishaji ya mwaka 1977 ililiweka gari la abiria wanane nje ya maana ya basi, na katika upenyo huo ndipo teksi zilipokulia. Mwaka 1988 serikali ile ile, iliyokuwa imebana kwa miongo mingi, ikafungua mlango wote kwa sheria ya kulegeza udhibiti. Vibali vikamwagwa bila mpango. Njia iliyotosha magari machache ikapata mengi mno, na kwa kuwa hapakuwa na mamlaka iliyosema nani apakie wapi, vyama vya wenye magari vikajitwalia kazi hiyo: kutoza kiingilio, kugawa njia, kulinda stendi, na hatimaye kupigania mipaka kwa silaha. Nchi ilipopata uhuru wa kisiasa mwaka 1994, sekta hiyo ilikuwa tayari na sheria zake, mahakama zake na askari wake.

Hapo kuna jambo ambalo watu husahau wanapowalaumu wenye teksi kwa ukaidi. Hadi kufikia miaka ya maandalizi ya Kombe la Dunia, teksi zilikuwa zinabeba karibu theluthi mbili ya abiria wa usafiri wa umma nchini humo, ilhali ruzuku ya uendeshaji ilikwenda kwa mabasi na reli. Mtu aliyejenga biashara yake kwa kuuza ng'ombe au kwa kiinua mgongo cha mgodini, akabeba watu ambao serikali iliwasahau, hawezi kupokea kwa furaha habari kwamba serikali sasa inaleta mabasi mapya kwenye njia yake. Silitetei hata kidogo tendo la kumpiga risasi abiria asiye na hatia. Nasema tu kwamba hasira ilikuwa na mizizi, na aliyeitazama kama uhuni mtupu alishindwa kuishughulikia.

FIFA iliichagua Afrika Kusini tarehe 15 Mei 2004, ikiishinda Morocco kwa kura 14 dhidi ya 10. Viwanja kumi katika miji tisa vilihitajika, na wageni walipaswa kufika viwanjani, hotelini na kwenye viwanja vya ndege bila kuuliza maswali mengi. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imekwisha kutangaza mpango wa kuondoa magari chakavu, ambao ulianza kutekelezwa mwaka 2006, mwenye teksi kuukuu akilipwa randi 50,000 ili gari lake lisagwe na yeye anunue jipya. Wengi walilalamika kwamba fedha hiyo haikukaribia bei ya gari jipya. Wakati huohuo miji mikubwa ikaanza kupanga mabasi yaendayo haraka, wakiiga Bogotá nchini Colombia, na viongozi wa teksi wa Johannesburg wakapelekwa Amerika ya Kusini kujionea wenyewe. Mradi wa Johannesburg ukaitwa Rea Vaya, maneno yenye maana ya "tunakwenda."

Kombe la Dunia lilifanya mambo mawili yanayovutana. Kwa upande mmoja lilileta fedha na ujasiri: mradi ambao ungeweza kulala katika makabati kwa miaka kumi na mitano ukapata tarehe isiyosogezwa, kwa maana filimbi ya mechi ya kwanza ingepulizwa 11 Juni 2010 hata kama barabara haijakamilika. Kwa upande mwingine tarehe hiyohiyo ikawa silaha mikononi mwa wapinzani wa mradi, kwani kila mtu alijua siku ambayo serikali isingeweza kuvumilia fujo. Tarehe 24 Machi 2009 wenye teksi waligoma kupinga mabasi hayo, wiki chache tu kabla ya uchaguzi mkuu wa 22 Aprili, na wanasiasa wakalazimika kuahidi mazungumzo. Mwenye kujua siasa za stendi ataona kwamba tarehe ya mgomo ilipangwa na watu waliojua kuhesabu. Baada ya uchaguzi mazungumzo yakaendelea, kundi moja likakimbilia mahakamani kuomba mabasi yazuiwe, mahakama ikakataa, na tarehe 30 Agosti 2009 basi la kwanza la Rea Vaya likaondoka Soweto. Siku chache baadaye mabasi hayo yakashambuliwa kwa risasi huko Soweto na watu wawili wakajeruhiwa.

Jiji lilikuwa na njia mbili mbele yake. Lingeweza kuyazungushia mabasi askari na kuwaambia wenye teksi kwamba wameshindwa, au lingeweza kuendelea kuketi nao mezani huku mabasi yakitembea. Lilichagua la pili, na hapa ndipo kisa kinapokuwa na faida kwetu. Sbusiso Ndebele, aliyeshika wizara ya usafiri mwaka huo, aliendelea kuzungumza na viongozi wa teksi, na jiji likafanya kazi ya kuchosha isiyopigwa picha na mwandishi yeyote wa habari: kujua gari kwa gari ni nani anayemiliki teksi inayopita katika njia ambazo mabasi yangezichukua, na je, kibali chake ni halali. Aliyethibitika kuathirika alipewa nafasi ya kuliondoa gari lake barabarani na kuwa mwanahisa wa kampuni itakayoendesha mabasi. Teksi 585 ziliondolewa kwa utaratibu huo. Tarehe 1 Februari 2011 kampuni ya PioTrans, iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na waliokuwa wenye teksi, ikakabidhiwa uendeshaji wa mabasi 143 ya awamu ya kwanza kwa mkataba wa miaka kumi na miwili.

Tazama tarehe hizo tena. Fainali ilichezwa tarehe 11 Julai 2010, Hispania ikaifunga Uholanzi bao moja kwa bila katika muda wa nyongeza, wageni wakaondoka, na makubaliano na wenye teksi yakakamilika baadaye. Kwa maneno mengine, suluhisho halikuwahi kuwa tayari kabla ya mashindano. Kilichokuwa tayari ni mazungumzo yenye kuaminika, na hayo yalitosha kuupitisha mwezi ule bila mgomo mkubwa wa teksi ambao magazeti ya Ulaya yalikuwa yameutabiri. Wenye teksi walikuwa na jambo la kupoteza kama wangevuruga, na jambo la kupata kama wangesubiri.

Mgomo uliotokea ulitoka mahali ambapo hapakuwa na aliyekuwa akipatazama. Katika siku za mwanzo za mashindano, madereva wa mabasi ya Rea Vaya wenyewe waliacha kazi kwa sababu ya masharti yao ya kazi, na mashabiki waliotoka uwanjani wakajikuta hawana usafiri wakati wa baridi kali ya Juni ya huko. Nimelifikiria tukio hili mara nyingi. Miaka mitatu ya mazungumzo ilikuwa imewahusu wenye magari: hisa zao, fidia yao, njia zao. Dereva, ambaye ndiye hasa hukanyaga mafuta na breki, alikumbukwa mwishoni, kana kwamba akipewa sare mpya na usukani mpya basi mambo yake yamekwisha.

Na dereva wa teksi wa Johannesburg ana hali ileile ya dereva wetu wa Mwanga. Kwa desturi ya huko, mwenye gari humtajia kiasi cha kuleta kila siku au kila wiki. Kinachozidi ndicho riziki ya dereva, na kikipungua ni shida yake. Sisi kitu hicho tunakiita hesabu, na hakuna Mtanzania asiyeelewa neno hilo linapotamkwa na konda. Hesabu humfanya dereva asubiri stendini mpaka gari lijae hata kama abiria wa kwanza amekaa nusu saa. Humfanya akimbize gari lililo mbele ili awahi vichwa kituo kinachofuata, asimamishe watu juu ya watu, amkwepe mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo, na akatishe ruti mahali ambapo faida inageuka. Ikifika jioni na hesabu haijatimia, humpa gari deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, aongeze safari mbili tatu, na huyo deiwaka hana mkataba na mtu yeyote, wala mwenye gari pengine hamjui jina. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mkorofi kwa tabia yake, sikatai. Lakini ukorofi unaofanana kutoka Johannesburg hadi Kigoma, kwa watu ambao hawajawahi kukutana, una chanzo kimoja, nacho ni namna mapato yanavyogawanywa.

Kwa sababu hiyo operesheni za barabarani hazidumu. Faini ya trafiki huingizwa katika hesabu kama gharama nyingine yoyote. Dereva aliyetozwa asubuhi huongeza mwendo mchana ili airudishe. Nchi yetu ilishapewa onyo mwaka 2015, mwezi Aprili na tena Mei, madereva wa mabasi na daladala walipogoma, wakidai pamoja na mengine mikataba ya ajira. Abiria walilala stendi. Suala la mikataba liliahidiwa, na sheria za kazi kwa kweli zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mkataba, lakini kaa siku moja katika stendi yoyote ya mkoa huu uulize ni madereva wangapi wa Hiace wanao.

Dar es Salaam, kwa haki yake, ilichukua somo la nusu ya kwanza ya kisa cha Johannesburg. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya jiji hilo, ulipokaribia kuanza, wenye daladala waliingizwa katika UDART, kampuni iliyoundwa kuendesha mabasi hayo, kupitia vyama vyao vya DARCOBOA na UWADAR, na huduma ilipoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni hapakuwa na risasi wala mabasi kuchomwa. Hilo ni jambo la kujivunia, tena kubwa. Kilichofuata, yaani uhaba wa mabasi na msongamano wa abiria vituoni, ni kisa kingine kinachohitaji uchambuzi wake. Nusu ya pili, ile ya dereva na konda waliokuwa kwenye magari yaliyoondolewa, sijaona ikisemwa kwa uzito unaostahili.

Mtu anaweza kuniuliza Kigoma inahusikaje, ilhali hatutakuwa na mechi ya mwaka 2027. Inahusika kwa sababu mbili. Kwanza, mashindano ya namna hii huvuta magari na madereva kutoka mikoani kwenda penye fedha, kama vile mechi moja ya Simba inavyoyavuta kutoka njia ya Kibirizi. Dar es Salaam na Arusha zikihitaji Hiace za ziada, za kwetu zitakwenda. Pili, na hii ndiyo ninayoitilia mkazo, Kigoma ni mahali padogo pa kutosha kujaribia. Njia zetu kuu ni chache: Ujiji, Mwanga, Mjini, Kibirizi, Mwandiga, Gungu. Wenye magari wanafahamika, wengine tunaswali nao, wengine tunakaa nao jumuiya moja. Jambo ambalo Johannesburg ililifanya kwa miaka na wanasheria, hapa linaweza kufanyika kwa wiki chache kama kuna nia.

Baada ya siku ile ya ndoo mbili nilimtafuta dereva wa gari lile, naye hakunikwepa. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo mzee," akaketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Nilimuuliza kama alijisikia vibaya kumshusha yule mama. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mzee wangu, yule ni kama mama yangu. Lakini hesabu ya kawaida siku hiyo iliongezwa nusu, na tajiri alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kunikumbusha kuna mechi. Nisingeipeleka, kesho gari angepewa mwingine." Nikamuuliza angependelea nini. Akasema angependelea mshahara wa mwisho wa mwezi, hata ukiwa mdogo kuliko anachopata siku nzuri, kwa sababu siku mbaya ni nyingi na mtoto wake anakula kila siku.

Wenye magari nao wana hoja yao, na si haki kuipita. Gari limenunuliwa kwa mkopo, benki haisubiri, vipuri vimepanda, na mwenye gari anayemlipa dereva mshahara hana njia ya kujua nauli halisi iliyokusanywa kwa siku. Hesabu ilizaliwa kutokana na kutoaminiana: tajiri hamwoni dereva akiwa njiani, kwa hiyo anataka kiasi kinachojulikana. Johannesburg ililitatua hilo kwa mabasi yanayolipwa na jiji kwa kilomita zilizotembewa, ili dereva asiwe na sababu ya kugombania abiria. Njia hiyo inahitaji hazina nene, na hata huko ruzuku imekuwa mzigo mzito kuliko ilivyotarajiwa. Cape Town, ambako mabasi ya MyCiTi yalianza mwaka 2010, huduma ya haraka ya kwenda kitongoji cha Khayelitsha ilisimama mwaka 2019 kwa sababu ya mgogoro na makubaliano yaliyoshindikana baina ya waendeshaji wa huduma hiyo na jiji. Kwa hiyo sipendekezi tuige kila kitu. Manispaa yetu haina fedha hizo.

Kinachowezekana bila fedha nyingi ni kuweka hesabu wazi. Leseni ya usafirishaji inayotolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hutaja gari, mmiliki na njia, na nauli hupangwa hadharani. Hesabu pekee ndiyo imebaki siri ya watu wawili, ilhali ndiyo inayoamua kama abiria atafika Kibirizi au ataachwa Mwanga. Wenye magari wa njia moja wakikubaliana kiwango kimoja, kisichopandishwa kwa sababu ya mechi, harusi kubwa wala sikukuu, na kikaandikwa katika mkataba wa dereva pamoja na jina la deiwaka wake, sababu kuu ya kukatisha ruti itakuwa imeondoka. Siku ya mechi magari yanayotaka kwenda uwanjani yatolewe kwa zamu, yatambulike kwa kibao, na mengine yabaki katika njia zake za kawaida. Kazi hiyo inaweza kuanza pale Mwanga Jumatatu yoyote asubuhi kwa daftari na kalamu: namba ya gari, njia yake, jina la mwenye gari, jina la anayeendesha, jina la anayempokea, na kiasi kinachopelekwa kwa tajiri jioni.